Zabuni za faiba kampasini zabaki na hesabu za zamani

Wanunuzi wa mitandao ya vyuo, hospitali na ofisi zenye majengo mengi wameendelea kugawanyika kuhusu aina ya faiba inayofaa kufukiwa baina ya majengo hayo, ingawa kwa upande wa ufundi hoja imekwisha kuelemea upande mmoja. Faiba ya modi moja ina kiini chembamba cha takriban maikromita 9, ambamo mwanga wa leza hupita kwa njia moja tu. Ile ya modi nyingi ina kiini cha maikromita 50, au 62.5 kwa nyaya za zamani, ambamo mwanga hufuata njia nyingi na kufika mwisho kwa nyakati zinazopishana, na kupishana huko ndiko kunakofupisha umbali wake kadiri kasi inavyoongezeka.

Afisa mmoja wa manunuzi jijini Dar es Salaam hushikilia kuwa modi nyingi inatosha, kwa kuwa hufika mita 550 na hakuna jengo la taasisi yake lililo mbali kuliko hapo. Takwimu hiyo, ambayo hunakiliwa kutoka zabuni moja hadi nyingine kana kwamba ni sheria, ni ya kweli kwa gigabiti 1 kwa sekunde katika kiini cha maikromita 50, na ukweli wake unaishia hapo. Kwa gigabiti 10, viwango vya kimataifa huipa faiba ya daraja la OM3 mita 300 na OM4 mita 400, huku OM1, ile ya zamani yenye ganda la rangi ya chungwa, ikibaki na mita 33, ambazo hazitoshi kuvuka upana wa uwanja wa mpira. Kwa gigabiti 100, OM4 yenyewe hushuka hadi mita 100 hivi. Modi moja, kwa gigabiti 10 na moduli za kawaida, hufika kilomita 10. Anayetaja mita 550 bila kutaja kasi ametaja nusu ya hesabu.

Hoja yenye uzito zaidi ya afisa huyo inahusu moduli, yaani kidude kinachochomekwa kwenye swichi ili kugeuza umeme kuwa mwanga, ambacho kwa modi nyingi kimekuwa cha bei nafuu. Pengo hilo limepungua sana kwa gigabiti 1 na 10, wakati waya wa modi moja kwa kawaida ni nafuu kwa mita kuliko OM3 au OM4, kwa kuwa ndio unaotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya simu na intaneti za majumbani.

Muuzaji mmoja wa vifaa hivyo anadai kwamba hasara yake haitokani na teknolojia bali na karatasi: orodha moja ya zabuni huomba waya wa modi nyingi pamoja na moduli za modi moja, mzabuni anayeuliza huambiwa alete kilichoandikwa, naye akikileta na kiungo kikagoma au kikawa kinakatikakatika, malipo huzuiwa kwa maelezo kwamba kazi haijakamilika. Anayerekebisha orodha kwa hiari yake, anaongeza, huondolewa kwa kutofuata masharti. Muuzaji naye ana shehena ya kuuza, kwa hiyo maneno yake yapokewe kwa tahadhari, lakini kuhusu mchanganyiko huo yuko sahihi.

Huenda modi nyingi ikaendelea kutawala ndani ya vyumba vya seva, na aliyekwisha kufukia OM3 hana haraka ya kuing'oa maadamu gigabiti 10 zinamtosha. Modi moja nayo haisamehe uchafu, kwani chembe ya vumbi huweza kuziba kiini chake chote. Hata hivyo moduli hubadilishwa kwa dakika chache, ilhali mtaro na chemba ndivyo vinavyomeza fedha. Mnunuzi anayefukia waya mpya baina ya majengo aagize modi moja, aandike daraja, kasi na umbali wa kila kiungo, kisha adai vipimo vya upotevu wa mwanga kabla ya kuidhinisha malipo.