Mapunye ya Watoto na Dawa Yake

Mapunye ni ugonjwa unaojulikana katika kila mji wenye watoto. Nywele hukatika, mabaka ya mviringo yenye magamba meupe huonekana kichwani, na mtoto hujikuna. Wengine husema ni uchafu wa mamaye, wengine husema ni jicho la jirani. Si hivyo. Ni kuvu, jamaa ya ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Na David Gruby, tabibu wa Paris, aliiona kwa hadubini tangu miaka ya 1840.

Wazazi wengi hununua dawa ya kupaka, wakapaka mwezi mzima, wasione faida. Dawa ile si mbaya. Marhamu ya Whitfield, yenye sehemu 6 za asidi ya benzoiki na sehemu 3 za asidi ya salisiliki katika kila 100, huponya choa cha mkono au cha tumbo, maana huko kuvu imekaa juu ya ngozi. Walakini kichwani huingia ndani ya unywele wenyewe hata shinani, na marhamu haifiki. Yapasa dawa ya kumeza.

Griseofulvini, ndiyo dawa iliyotumika sana, nayo imetoka katika ukungu! Raistrick na wenzake wa London waliipata mwaka 1939, lakini ilikuwa mwaka 1958 ndipo Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba mnyama akiimeza hupona choa. Kabla ya hapo matabibu wengi waliangusha nywele za watoto kwa miali ya eksirei, na baadhi ya watoto hao walipatwa na saratani ukubwani.

Dawa hii haiui kuvu mara moja. Huingia katika unywele mpya unaoota, kuvu isipate mahali; ule wa zamani husukumwa nje na kukatwa. Kwa hiyo tiba huchukua majuma 6 hata 8, pengine zaidi. Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa: mwasho umekwisha, vidonge vikawekwa kando, na baada ya muda mapunye yamerudi. Mtoto ameze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ili mwili uipokee vema. Mwenye mimba asiitumie. Kipimo ni kazi ya tabibu, naye hukikadiria kwa uzito wa mtoto.

Nanyi waalimu, wako wanaomfukuza mtoto darasani wakitaja Mambo ya Walawi 13. Naam, kuhani alimtenga mgonjwa siku 7, kisha akamtazama tena. Sisi twamfukuza muhula mzima wala hatumtazami. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa hana haja ya kukaa nyumbani.

Kofia, kitana na wembe visishirikiwe. Watazameni na ndugu zake, maana pengine mmoja ana magamba machache tu, nywele hazijaanguka, naye ndiye anayewaambukiza wenzake. Na mkiona kichwa kimevimba na kutoka usaha, msikipasue. Mara nyingi ni mapunye hayo hayo. Mpelekeni hospitali upesi, nywele zisije zikakosa kuota tena mahali pale.