Je, Kila Mtu Ana Nyota Yake?

Mazungumzo ya jioni kwa wasikilizaji wa redio

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya nyota.

Mwezi wa Januari mama mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani, giza lilipokwisha kuingia. Alikuwa amefunga fedha katika pindo la leso. Kijana wake alikuwa amefanya mtihani wa mwisho wa shule, na matokeo yalipotoka hayakuwa mazuri. Mtu fulani akamwambia ya kwamba nyota ya kijana imefunikwa na adui, na kwamba atoe mbuzi mmoja na shilingi elfu tano ili nyota hiyo isafishwe. Fedha ndizo zile zilizokuwa katika leso. Mbuzi alikuwa amefungwa nyumbani, tayari kupelekwa kesho yake.

Akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Je, kila mtu ana nyota yake? Na kama anayo, yaweza kufunikwa?"

Ningaliweza kumkemea, lakini kemeo halimfundishi mtu aliye na uchungu. Nikamwambia, "Mama, njoo nje tutazame."

Ilikuwa yapata saa mbili usiku. Mwezi haukuwapo, na mbingu zilikuwa safi. Nitawasimulia tuliyoyatazama, nanyi mkitoka nje usiku kama ule mtayaona vile vile. Hakuna chombo kinachohitajika. Zimeni taa, ngojeni kama robo saa mpaka macho yazoee giza, kisha inueni vichwa.

Kwanza nilimwonyesha Kilimia. Ni kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana pamoja kama vifaranga. Mtu mwenye macho mazuri huhesabu sita, lakini kwa darubini zinaonekana mamia. Wazee wetu walikijua sana, na jina lenyewe latokana na kulima. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Mei, Kilimia hakionekani. Kisha katika Juni huonekana tena upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Wakulima na mabaharia wa pwani walihesabu majira yao kwa kuzama na kuzuka huku.

Je, katika Mei kimefunikwa na nani? Hakikufunikwa na mtu. Dunia yetu hulizunguka jua kwa mwaka mmoja, na katika siku zile jua huwa upande ule ule wa Kilimia, basi mwanga wa mchana hukificha. Kila nyota huchomoza mapema kwa dakika nne hivi kuliko jana yake, na kwa mwezi mmoja hizo ni saa mbili nzima. Ndiyo sababu nyota za Januari si nyota za Julai. Nyota hufichwa na mawingu, na mwanga wa jua, na mwezi upitapo mbele yake, na dunia yenyewe ikiwa chini ya upeo. Hata ikifichwa hivyo, yenyewe haipungui kitu.

Kisha nilimwonyesha nyota tatu zilizopangana katika mstari mmoja. Huo ni mshipi wa Orioni. Sisi wa Kenya tuna bahati, maana tunakaa kwenye Ikweta, na mshipi huo hupita karibu kabisa juu ya utosi wetu, ukichomoza mashariki hasa na kuzama magharibi hasa. Mtu aliyepotea njia aweza kuutumia kama dira. Na tuna bahati nyingine. Jioni za Mei tukitazama kusini tunauona Msalaba wa Kusini, na tukigeuka kaskazini tunaziona zile nyota saba za Dubu Mkubwa zilizo mfano wa upawa. Watu wa Ulaya ya kaskazini hawauoni Msalaba huo kwao.

Upande mmoja wa mshipi iko nyota kubwa nyekundu, iitwayo Betelgeuse. Upande wa pili iko nyingine nyeupe yenye ubuluu kidogo, iitwayo Rigel. Nikamwuliza yule mama, "Kwa nini rangi zao zatofautiana?" Hakujua. Nikamwuliza tena, "Umepata kumwona mhunzi akitia chuma motoni?" Akasema amemwona mara nyingi. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu. Moto ukizidi huwa cha manjano, na ukizidi sana hung'aa cheupe. Nyota nazo ni vivyo hivyo. Betelgeuse nyekundu ina joto la digrii 3,300 hivi usoni pake. Jua letu la manjano lina digrii 5,500. Rigel ina kama digrii 12,000. Basi kwa kutazama rangi tu, umekwisha kujua nyota ipi ni ya moto zaidi.

Maana jua nalo ni nyota, wapenzi wangu, kama hizo nyingine. Laonekana kubwa kwa sababu ni jirani yetu. Liko umbali wa kilomita milioni 150. Kama ungepanda gari la kwenda kilomita 100 kwa saa, usiku na mchana bila kusimama, ungefika baada ya miaka zaidi ya 170. Lakini nuru yenyewe, ambayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hutufikia kwa dakika nane na kidogo.

Nyota nyingine ziko mbali mno hata kilomita hazifai kuzipima. Kwa hiyo wataalamu hutumia mwaka wa nuru, yaani mwendo ambao nuru huenda kwa mwaka mzima. Ni kama kilomita milioni milioni tisa na nusu.

Labda mtauliza, "Umbali huo ulipimwaje, na hakuna aliyekwenda?" Inueni kidole gumba mbele ya uso. Fumbeni jicho la kushoto, kisha fumbeni la kulia. Mnaona kidole kinaruka huku na huku mbele ya ukuta? Kikiwa karibu huruka sana, kikiwa mbali huruka kidogo. Wataalamu huitazama nyota wakati dunia iko upande mmoja wa jua, na tena miezi sita baadaye ikiwa upande wa pili. Nyota iliyo karibu huonekana kusogea kidogo sana mbele ya nyota za mbali, na kwa hesabu za pembe umbali hujulikana. Mwaka wa 1838 Mjerumani Friedrich Bessel alitangaza kipimo cha namna hiyo cha nyota moja hafifu. Alipata miaka ya nuru kama kumi. Vipimo vya sasa vyasema ni zaidi kidogo ya 11.

Sasa sikieni hesabu niliyompa yule mama. Ile nyota ing'aayo kupita zote usiku, iitwayo Sirius, iko miaka ya nuru karibu tisa. Nuru tunayoiona usiku huu iliondoka kule wakati mtoto wa miaka minane alikuwa bado hajazaliwa. Aldebaran, ile nyota ya rangi ya machungwa inayofuata nyuma ya Kilimia, iko miaka 65 hivi. Nuru yake iliondoka kabla Kenya haijapata Uhuru mwaka wa 1963. Na Kilimia chenyewe kiko kama miaka 440. Nuru ile iliyogusa macho yetu pale uani ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka wa 1593.

Nikamwambia, "Mama, huyu mtu asema adui aliifunika nyota ya mtoto mwaka jana. Kama jambo lilitokea mwaka jana katika Kilimia, habari yake itatufikia baada ya miaka mia nne na zaidi. Hata katika nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua, habari huchukua miaka minne na zaidi. Yeye ameionaje?"

Mama akanyamaza. Kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike.

Nikaongeza jingine. Watu walio duniani leo wamepita milioni elfu nane. Lakini nyota zinazoonekana kwa macho matupu, ukizihesabu zote za mbingu nzima, hazifiki elfu kumi. Basi kama kila mtu angekuwa na nyota yake hapo juu, wengi wetu tungekuwa hatuna kitu.

Lakini hizo zisizoonekana ni nyingi kupita hesabu. Ule utepe mweupe upitao mbinguni kama moshi ni nuru ya nyota nyingi zilizo mbali mno. Katika kundi hilo letu moja peke yake ziko zaidi ya milioni elfu mia moja. Vitu vilivyomo ndani yake vyajulikana kwa kuipasua nuru yao kwa kioo, kama matone ya mvua yanavyoipasua nuru ya jua kuwa upinde. Kila kitu kinachoungua huacha alama zake katika rangi hizo. Mwaka wa 1868 wataalamu waliona katika nuru ya jua alama ya gesi isiyojulikana. Wakaiita heliamu, kwa jina la Kigiriki la jua, nayo ikapatikana hapa duniani mwaka wa 1895. Na mwaka wa 1925 mwanamke kijana aitwaye Cecilia Payne alionyesha ya kwamba nyota zimefanyika hasa kwa hidrojeni, gesi nyepesi kupita zote. Mwanzoni wakubwa wa elimu hiyo hawakukubali, lakini baada ya miaka michache walikiri kwamba alikuwa na haki.

Wala msidhani ya kuwa elimu hii ni ya wageni tu. Tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa sababu ya siku ile, na kwa heshima ya nchi yetu, iliitwa Uhuru. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote.

Nyota pia hubadilika. Mwishoni mwa mwaka 2019 hadi Februari 2020 ile Betelgeuse ilififia mno, na watu wengine wakaogopa. Wataalamu walipochunguza waliona ya kwamba nyota ilikuwa imetupa nje gesi nyingi, ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likazuia nuru. Baadaye iling'aa tena. Na vile vimondo mnavyoviita nyota zinazoanguka, si nyota hata kidogo. Ni vijiwe vidogo, vingi kama punje ya mchanga, viunguavyo vikiingia katika hewa yetu kwa kasi. Hakuna mkubwa aliyekufa kwa ajili yake.

Wasikilizaji wapenzi, Biblia haituogopeshi na nyota. Kitabu cha Ayubu chataja Kilimia na Orioni kwa majina, na kumwuliza mwanadamu kama anaweza kuzifunga au kuzifungua. Zaburi ya 147 inasema kwamba Mungu huzihesabu nyota na kuziita zote kwa majina. Lakini someni mstari ulio mbele yake. Hapo yasemwa kwamba Yeye huwaponya waliovunjika moyo. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, moyo wa mama aliyelia jikoni na hesabu ya nyota zote. Yule mama hakuwa na haja ya kununua nyota. Alihitaji mtu wa kuuangalia uchungu wake.

Na hapa nina jambo la kukiri. Kesho yake kijana alikuja, tukaketi na karatasi zake. Hesabu zilikuwa zimemshinda kwa sababu rahisi: mwaka mzima alikuwa akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na masomo yalikwenda mbele bila yeye. Kijana huyu alikuwa akiketi benchi la tatu kanisani kila Jumapili, nami ni mwalimu na mzee wa kanisa, wala sikuwa nimemwuliza neno. Aliyemwuliza wa kwanza ni yule wa kusafisha nyota. Tukiwaacha watu wetu peke yao na taabu zao, tusishangae wakienda kugonga mlango mwingine.

Zile shilingi elfu tano zimeanza kulipia karo, na washiriki wachache wameongeza walichonacho. Kijana anarudia mwaka. Jumanne na Alhamisi jioni twafanya hesabu pamoja, na tukimaliza hutoka nje kutazama. Kama atafaulu sijui bado. Na mbuzi yuko, tena amezaa.

Basi usiku huu, kama hakuna mawingu, tokeni nje pamoja na watoto. Waonyesheni nyota nyekundu na nyeupe, na waambieni sababu. Kisha, kabla ya kuingia ndani, mwulizeni kila mtoto habari za shule yake, nanyi msikilize atakalojibu.

Mungu awabariki. Laleni salama.