Saratani ya Matiti: Ulizia Matokeo ya Vipokezi vya Homoni

Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti huuliza ugonjwa umefika hatua ya ngapi. Kuna swali jingine lenye uzito: je, uvimbe una vipokezi vya homoni?

Vipokezi ni protini kwenye seli zinazonasa homoni za estrojeni na projesteroni. Saratani yenye vipokezi hivyo hutumia homoni hizo kukua. Maabara huvitambua kwa kupima kipande kidogo cha uvimbe.

Jibu likiwa chanya, matumaini huwa makubwa zaidi kwa sababu dawa za kuzuia homoni, kama vile tamoksifeni, husaidia. Ikimezwa kila siku kwa miaka 5, tamoksifeni hupunguza hatari ya kufa kutokana na saratani hiyo kwa takriban thuluthi moja. Hata hivyo, aina hii yaweza kurejea baada ya miaka mingi. Mgonjwa asiache tembe kwa kuwa anajihisi amepona.

Jibu likiwa hasi, tembe hizo hazifai. Madaktari hutegemea upasuaji, tibakemikali na miale. Aina hii mara nyingi hukua haraka, lakini hatari ya kurejea hupungua sana baada ya miaka 5. Jibu hasi si hukumu ya kifo.

Wakaazi, wanawake kwa wanaume, wanahimizwa kufika kituo cha afya mara tu waonapo uvimbe au mabadiliko kwenye titi. Aliyepimwa aombe nakala ya matokeo na aihifadhi.