Karakana ya nyumbani: pima njia kabla ya chumba

Mafundi seremala wengi jijini Mwanza hufungua karakana nyumbani ili kukwepa kodi ya pango. Wazo ni zuri, lakini hesabu ianzie barabarani. Katika vilima vya mawe kama Igogo na Mabatini, gari huishia chini. Mbao hupanda kichwani na kabati hushuka vivyo hivyo. Ujira wa wabebaji, ukijumlishwa kwa mwezi, unaweza kuzidi kodi iliyokwepwa.

Njia ikiruhusu, anza na benchi imara, sehemu kavu ya kuhifadhia mbao na dirisha kubwa. Mashine ya randa ije mwisho, baada ya kuhakikisha umeme wa njia tatu unafika mtaani. Kabla ya kukopa, pitia ofisi ya SIDO mkoani upate ushauri.