Fisi Hula Mbuzi, Akala na Ushahidi

Chui akiua mbuzi, mfugaji huamka na kukuta cha kuonyesha: mzoga uliotobolewa kooni, au uliokokotwa hadi juu ya mti. Fisi madoa haachi hivyo. Magego yake husaga mfupa wa paja, tumbo lake huyeyusha mfupa huo, na chokaa inayobaki hutoka kwenye kinyesi, ndiyo maana kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe. Nywele na kwato, ambazo hata tumbo lile huzishindwa, hutapikwa mbali na zizi. Fisi mmoja huweza kumeza kilo 14 kwa mlo mmoja, kwa hiyo wawili wanatosha kummaliza mbuzi wa kienyeji kabla jogoo hajawika. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, aliona kundi lao likimmaliza pundamilia mzima kwa muda usiofika dakika 40. Kwa maoni yangu, mjadala wa fidia ya mifugo inayoliwa na wanyamapori katika kaunti za Homa Bay na Migori ungeanzia kwenye tumbo hilo. Tumezoea kubishana kuhusu kiasi cha pesa, ilhali kinachomnyima mfugaji haki yake ni muda.

Wengi wakisikia wanyamapori wa Homa Bay hufikiria Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, kilomita za mraba zipatazo 120 katika bonde la Lambwe, maskani ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya. Lakini fisi, ondiek kwa Kijaluo, hahitaji mbuga. Mchana hulala kwenye pango, korongoni au kichakani, na usiku hutembea kilomita nyingi kati ya maboma ya watu. Upande wa Nyatike kuna nchi kavu yenye vichaka. Upande wa Kuria, Migori inapakana na Trans Mara, na mpaka wa kaunti si ukuta. Katikati ya hayo kuna familia yenye mbuzi wanne au sita, na hao ndio karo ya muhula ujao. Kwa mwenye ng'ombe mia, kupoteza mmoja ni hasara. Kwa mwenye mbuzi wanne, kupoteza wawili usiku mmoja ni nusu ya akiba yake yote.

Sheria haijamsahau mtu huyu. Kenya iliwahi kulipa fidia ya mifugo na mazao, ikaisitisha mwaka 1989 baada ya mfumo kuelemewa na madai ya uongo. Kwa robo karne hivi iliyofuata, serikali ililipia kifo na majeraha ya binadamu tu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ilirudisha haki hiyo. Fisi yumo katika orodha ya wanyama wanaolipiwa, na mfugo hulipwa kwa bei ya soko. Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti, yenye maafisa wa mifugo na kilimo, daktari, polisi na wawakilishi wa jamii. Kamati hulithibitisha na kulifikisha kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kwenye karatasi, ni mpango mzuri. Tatizo lipo katika neno kuthibitisha. Mzee wa Karungu aliyeliwa mbuzi usiku lazima apate afisa wa kuja kuona, huku jua likipanda, mbwa wakilamba damu, kunguru wakichukua vipande na mvua ikifuta nyayo. Afisa akifika siku ya tatu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, atakuta ardhi tupu na maneno ya mzee.

Jambo hili wenzetu walioishi na mbwa mwitu wa kaskazini walilipima. Katika jimbo la Idaho, Marekani, watafiti walifuatilia ndama katika malisho ya milimani, wakakadiria katika ripoti yao ya 2003 kwamba kwa kila ndama aliyepatikana na kuthibitishwa kuuawa na mbwa mwitu, huenda wengine hadi 8 waliuawa bila kuonekana. Huko mla nyama huacha mifupa. Kwetu mla nyama ni mtafuna mifupa, na mfugo ni mdogo zaidi. Na hatuzungumzii tishio la pembeni: karibu na Maasai Mara, watafiti walioorodhesha mifugo iliyouawa kwa miezi 14 walikuta zaidi ya nusu imeuawa na fisi, wala si simba ambaye ndiye hutajwa sana magazetini. Kwa hiyo idadi ya madai yaliyothibitishwa haiwezi kuwa kipimo cha hasara ya Migori au Homa Bay. Inapima zaidi jinsi ofisi ilivyo karibu na zizi.

Dawa yake ni kumpeleka mthibitishaji zizini asubuhi ileile. Hahitajiki mtaalamu kutoka Nairobi. Naibu wa chifu, mhudumu wa afya ya mifugo au mzee wa Nyumba Kumi anaweza kufundishwa kusoma dalili chache. Unyayo wa fisi huonyesha alama za kucha, ule wa chui hauonyeshi, kwa kuwa chui huficha kucha atembeapo. Chui hukaba koo; fisi hurarua tumbo, kiwele na mapaja; mbwa wa mitaani huacha alama nyingi za meno za juujuu miguuni na masikioni. Kipimo kikubwa kuliko vyote hakihitaji zaidi ya kisu: chuna kipande cha ngozi kilichobaki penye alama za meno, utazame upande wa ndani. Mbuzi aliyeng'atwa akiwa hai, moyo wake ulikuwa ukisukuma damu, kwa hiyo nyama chini ya ngozi itakuwa imevilia damu nyeusi. Aliyekufa kwa ugonjwa kisha fisi akamkuta, alama za meno zipo lakini damu haikuvilia. Picha ya hapo, yenye tarehe, ingetosha kumaliza ubishi mwingi.

Atakayekumbuka mwaka 1989 atasema huku ni kuwafungulia mlango waongo. Hofu hiyo ina msingi, ila kuchelewa hakuzuii uongo, kunausaidia. Ngozi mbichi ni shahidi asiyehongeka. Baada ya siku tatu hakuna cha kumkanusha mwongo wala cha kumtetea mkweli. Pingamizi zito zaidi ni la wachumi, kwamba anayejua atalipwa hulegeza ulinzi. Hapo sheria yenyewe ina jibu: asiyechukua hatua za busara kulinda mifugo yake hastahili kulipwa. Huko Mbirikani, Kajiado, mfuko wa fidia ulioanza 2003 humlipa pungufu mwenye boma bovu. Lakini haki haitakubali tuwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Ua wa ojuok, ule mnyaa wa utomvu mweupe unaozunguka miji mingi ya Kijaluo, ulikuwa mpaka wa boma na haukupandwa kuzuia taya za fisi. Mjane asiyeweza kununua waya wa matundu madogo na mlango wa mbao hajazembea. Kaunti ikitaka kudai zizi imara, ichangie kwanza kulijenga.

Wapo pia wanaopendekeza mfano wa Uswidi, ambako tangu 1996 vijiji vya wafugaji wa Kisami hulipwa kwa idadi ya wanyama wakali wanaozaana katika eneo lao, bila kujali mizoga. Napenda werevu wake, kwa kuwa unamfanya mnyama hai awe na thamani. Ila Wasami hulisha pamoja katika eneo la pamoja. Nyatike na Ndhiwa kila shamba lina mwenyewe, na fisi anayelala kwa huyu hula kwa yule, tungemlipa nani? Na kwa wanaotaka fisi wauawe tu, jibu ni fupi: sumu iliyotiwa kwenye mzoga haimchagui fisi. Huua tai, mbwa wa nyumbani, na humweka hatarini mtoto anayeokota nyama.

Mabunge ya kaunti ya Homa Bay na Migori hayawezi kubadilisha sheria ya taifa, lakini yanaweza kugharamia mafunzo ya wathibitishaji wa vijijini na waya wa mazizi, na kamati za fidia zinaweza kuagizwa kupokea picha na taarifa ya asubuhi ileile kama ushahidi kamili. Dai la mbuzi mmoja lisimlazimishe mwenyewe kutumia nauli inayokaribia bei ya mbuzi huyo. Hadi hilo litakapofanyika, wewe uliyeamkia damu zizini, usifagie. Funika nyayo kwa karai, ning'iniza kilichobaki mbali na mbwa, piga picha ya upande wa ndani wa ngozi ukiwa na kiberiti kando yake kuonyesha ukubwa, kisha mwite naibu wa chifu na majirani wawili kabla jua halijawa kali.