Hukumu ya Dakika Kumi

Katika kata ya Soitsambu, huko Loliondo karibu na mpaka wa Kenya, umeme husafiri juu ya nguzo kwa nyaya tupu zisizovikwa kitu, na kinachouzuia usishuke ardhini ni hewa pamoja na vile vikombe vya kaure. Kikombe kikipasuka, fundi mwenye macho mazima aghalabu hukiona angali amesimama chini. Amma kebo izikwayo ardhini au ilazwayo baharini, ganda lake limefichika, na dosari yake haidhihiriki ila kwa kuhojiwa.

Watu wa Unguja wanaijua thamani ya kebo. Tangu mwaka 1980 kisiwa chao kilitegemea kebo moja ya volti 132,000 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na njia hiyo ilipoharibika Mei 2008 walikaa gizani takriban mwezi mzima, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kebo ya pili, ya megawati 100, haikupatikana hadi mwaka 2013.

Chombo cha kuihoji kebo mafundi hukiita mega, kwa jina lililoenezwa na kampuni ya Evershed na Vignoles ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Kebo ikiisha kuzimwa na kufunguliwa ncha zote mbili, mega husukuma volti, mathalani 5,000, baina ya shaba ya ndani na ala ya madini ya nje, ikapima umeme mchache upenyao. Lakini jibu lake si la kuaminiwa kijuujuu, maana kebo ndefu, hata ikiwa nzima, husoma chini kuliko fupi, na joto likizidi kwa nyuzi 10 kipimo huweza kushuka hadi nusu. Kwa sababu hiyo fundi mwenye maarifa, hasa apimapo kebo za kale za karatasi na mafuta, hutazama mwendo kuliko namba: husoma dakika ya kwanza, akasoma tena dakika ya kumi, na ganda lililo kavu huwa limepanda sana, ilhali lililoingiwa na unyevu hukaa pale pale.

Kebo za siku hizi, zenye ganda la plastiki, zina tabia nyingine. Umeme mkali wa mkondo mmoja huacha chaji ndani ya plastiki iliyochakaa na kuiharibu zaidi, nao mtihani ukawa ndio ugonjwa. Ndipo wataalamu wakachagua umeme ugeukao polepole, duru moja kwa sekunde 10, ambao kwa volti zile zile hudai mkondo mdogo mara 500 kuliko ule wa gridi, hata mtambo wake ukaweza kuchukuliwa garini.

Jambo ambalo vijana hulidharau ni kwamba kebo iliyokwisha kupimwa hubaki na umeme wa kutosha kuua. Sharti iunganishwe na ardhi, na desturi ya wengi ni kungoja mara nne ya muda wa kupima, yaani dakika 40 kwa mtihani wa dakika 10, wala msimamizi hana ruhusa ya kuzipunguza ati kwa kuwa jua linatua.