BOMA LINANGOJA PAA
Namna kijiji kinavyoweza kupata ruzuku ya kumaliza jengo lake

Bila shaka umewahi kuliona boma. Hatusemi boma la ng'ombe, wala boma la mkuu wa wilaya wa zamani. Tunasema zile kuta nne za matofali zinazosimama kando ya shule au karibu na njia ya zahanati. Zimefika usawa wa lenta, na juu yake hakuna kitu ila mbingu. Ndani yake majani yameota. Mbuzi hupumzika humo wakati wa jua kali. Ukiuliza, utaambiwa kwamba wanakijiji walichanga, wakafyatua matofali, wakabeba maji na mchanga, wakajenga. Kisha fedha zikaisha.

Boma la namna hiyo si jambo la kuchekwa. Ni jasho la watu. Lakini kila masika mvua inakula udongo unaoshika matofali. Maji hutuama sakafuni na kulegeza msingi. Boma likikaa miaka mingi bila paa, mhandisi anaweza kukataa lisiezekwe, akaagiza kuta zibomolewe. Hapo jasho lote limepotea, na tena wanakijiji hawatakubali upesi kuchanga mara ya pili. Watasema, "Ile michango ya kwanza imekwenda wapi?" Nao watakuwa na haki ya kuuliza.

Katika makala hii tutazungumza juu ya ruzuku. Ruzuku ni fedha ambazo kijiji, shule, zahanati au kikundi hupewa ili kumaliza au kukarabati jengo la watu wote, bila kutakiwa kuzirudisha. Ruzuku si mkopo. Lakini si zawadi pia. Hutolewa kwa kazi iliyotajwa, na anayepewa lazima aonyeshe jinsi alivyoitumia.

DESTURI YA SIKU NYINGI

Wazee wanaosoma gazeti hili wanakumbuka. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi yetu iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ya kusoma. Madarasa hayakutosha. Katika vijiji vingi watu walijenga wenyewe, kwa miti na udongo au kwa matofali. Baadhi ya madarasa yale yanatumika mpaka leo. Sasa yana umri wa karibu miaka 50, na mengi yana nyufa ambazo mtoto anaweza kupitisha mkono.

Tangu mwaka 2000 ukaja Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao sisi sote tunauita TASAF. Watu wengi siku hizi wanaujua kwa ajili ya fedha za kaya maskini. Lakini ulianza kwa kusaidia miradi iliyoombwa na wanakijiji wenyewe: madarasa, zahanati, visima, barabara ndogo. Wanakijiji walitoa sehemu yao, mara nyingi nguvu zao na mawe na mchanga, na mfuko ukatoa fedha za vitu vya dukani. Wanakijiji walichagua kamati yao ya kusimamia kazi.

Mwaka 2009 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Fedha za mfuko huo hupitia halmashauri ya wilaya, na kamati inayoongozwa na mbunge ndiyo inayochagua miradi. Wako watu wanaodhani kwamba fedha hizo ni za mfukoni mwa mbunge. Sivyo. Ni fedha za serikali, na hukaguliwa kama fedha nyingine za serikali.

Sasa angalia jambo hili. Mwaka 2021 serikali ilitoa shilingi bilioni 7, zilizotokana na tozo za miamala ya simu, kwa ajili ya madarasa 560 ya sekondari. Kila darasa lilipata shilingi milioni 12 na nusu. Mwaka huohuo zikatoka fedha za UVIKO-19 za kujenga madarasa 15,000, na kila moja likapewa shilingi milioni 20. Kwa nini kuna tofauti hiyo? Fedha za kwanza zilikuwa za kukamilisha maboma. Kuta zilikuwapo tayari. Kwa maneno mengine, jasho la wananchi lilihesabiwa. Boma lililotunzwa vizuri ni mtaji. Boma lililoachwa likaliwa na mvua ni kifusi.

FEDHA HUFUATA MPANGO

Vijiji vingi hukosa ruzuku kwa sababu moja: huomba wakati umepita. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Lakini bajeti ya mwaka huo hutayarishwa miezi mingi kabla. Halmashauri za wilaya huanza kukusanya mipango ya vijiji mwishoni mwa mwaka, na madiwani huijadili mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Bunge huzungumza bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni. Kijiji kinachopeleka barua mwezi Mei kimechelewa. Afisa ataipokea barua kwa adabu, ataigonga muhuri, na itakaa ndani ya faili.

Mpango wenyewe huanzia chini. Kila kitongoji kinasema shida zake na pia vitu kilivyo navyo. Ndiyo maana utaratibu huu unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo: haianzwi na vikwazo tu. Kisha halmashauri ya kijiji, kwa msaada wa kamati yake ya fedha, uchumi na mipango, hupanga mambo hayo. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano huo, na mkutano unatakiwa ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Baada ya hapo mpango huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wilayani.

Kwa hiyo usipofika mkutanoni mwezi Septemba au Oktoba, usishangae kuona mwaka unaofuata fedha zimekwenda mahali ambapo wewe hukutaka ziende.

JENGO GANI KWANZA?

Hapa ndipo penye ugomvi. Kitongoji kimoja kinataka nyumba ya mwalimu. Kingine kinataka zahanati. Wazee wanataka ofisi ya kijiji yenye baraza. Mwenyekiti asiyetaka kumwudhi mtu huandika yote matatu. Matokeo yake ni maboma matatu na paa hakuna.

Sisi tunashauri mmalize kwanza lile lililoanzwa, labda mhandisi aseme halifai. Kama yako mawili, ulizeni maswali machache. Ni watu wangapi watalitumia kila siku? Wasipolipata, wanakwenda umbali gani? Je, mtumishi yupo? Swali hili la mwisho husahauliwa sana. Zahanati bila mganga na muuguzi ni nyumba yenye kufuli. Kabla ya kuomba paa la zahanati, nendeni kwa mganga mkuu wa wilaya mkamwulize kama jengo lenu limo katika mipango yake.

Wasikilizeni akina mama pia. Katika mikutano mingi wanaume husema sana, na akina mama hukaa nyuma na watoto. Lakini wao ndio wanaojua mjamzito alitembea saa ngapi usiku. Mwaka ambao kijiji kinachagua jengo si mwaka wa kuwaacha nyuma.

HESABU YA BATI

Ombi linalosema "tunaomba msaada wa kuezeka darasa letu" halimsaidii mtu yeyote. Anayelisoma hajui aandike shilingi ngapi. Ombi zuri lina hesabu. Tuchukue mfano.

Tuseme paa la darasa, pamoja na sehemu inayotokeza nje ya ukuta, lina urefu wa mita 11. Hizo ni sentimita 1,100. Mabati hulaliana pembeni, na tuseme kila bati linabaki likifunika sentimita 70. Gawa 1,100 kwa 70. Unapata 15 na kidogo zaidi, kwa hiyo unahitaji mistari 16. Tuseme tena kwamba kila mstari, kutoka kileleni mpaka chini, unahitaji mabati mawili ya mita 3. Basi upande mmoja ni mabati 32. Paa lina pande mbili, kwa hiyo ni mabati 64.

Mkiandika mabati 90, mkaguzi atauliza yale 26 yanakwenda kuezeka nyumba ya nani. Mkiandika 50, paa litabaki wazi na mtaanza tena kuomba. Andikeni pia unene wa bati. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Mfanyabiashara mjanja anafurahi sana akikutana na mnunuzi asiyejua jambo hili.

Fanyeni vivyo hivyo kwa mbao za kenchi, misumari, dawa ya mchwa, saruji ya sakafu, milango na madirisha. Fundi wa kijiji anaweza kuanza hesabu hii, lakini mhandisi wa halmashauri ndiye anayeikamilisha. Kumwita hakuhitaji rushwa. Barua ya mtendaji wa kijiji inatosha. Kisha ulizeni bei kwa wauzaji watatu, na kila mmoja aandike bei zake kwenye karatasi yenye jina la duka. Wafadhili wengi hudai karatasi hizo tatu.

Sehemu yenu wenyewe pia ihesabiwe kwa fedha. Kama mmefyatua matofali 8,000, na kwenu tofali moja huuzwa shilingi 150, hayo ni shilingi 1,200,000. Kama mmeleta malori 6 ya mawe, na lori moja ni shilingi 80,000, hizo ni shilingi 480,000. Jumla ni shilingi 1,680,000. Iandikeni. Anayetoa ruzuku hupenda kuona kwamba haingii peke yake.

Kuhusu michango ya fedha, iwe ni ile iliyokubaliwa na mkutano mkuu, na kila anayetoa apewe stakabadhi. Tangu Januari 2016, elimu ya msingi inapotolewa bila ada, hairuhusiwi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa mchango wa jengo. Mdai ni mzazi, tena kwa lugha nzuri. Mtoto aachwe asome.

VIKUNDI NA MASHIRIKA

Si majengo ya kijiji tu yanayoweza kupata ruzuku. Shirika lisilo la faida lenye shule ya chekechea, kituo cha walemavu au nyumba ya mafunzo ya ushoni laweza kuomba pia. Baadhi ya balozi zina mifuko ya miradi midogo. Ubalozi wa Japani, kwa mfano, umesaidia madarasa, mabweni na majengo ya afya sehemu nyingi za nchi. Lakini hakuna anayempa fedha mtu mmoja, au kikundi kinachogawana faida. Shirika liwe limeandikishwa. Mashirika yasiyo ya kiserikali huandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Liwe na akaunti ya benki, hesabu za miaka iliyopita, na hati inayoonyesha kwamba kiwanja ni chake. Hati ya kiwanja ndiyo inayoangusha wengi. Hakuna anayetaka kuezeka nyumba iliyo juu ya shamba la mtu aliye tayari kwenda mahakamani.

FEDHA ZIKIFIKA

Siku fedha zinapoingia katika akaunti, kijiji kizima kijue. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo: zimeingia shilingi ngapi, kutoka wapi, kwa kazi gani. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza kusoma ubao huo. Wasomee na jirani zako wasiojua kusoma.

Mnunuzi asiwe mtunza ghala. Mmoja anunue, mwingine apokee na kuhesabu, wa tatu aandike daftarini. Mabati 64 yaliyonunuliwa yawe 64 yaliyopokelewa, na mwisho yawe 64 yaliyo juu ya paa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuyahesabu akiwa amesimama chini.

Fundi alipwe kwa hatua. Akimaliza kenchi, kamati na mhandisi waangalie, ndipo alipwe sehemu ya kwanza. Akiezeka, alipwe ya pili. Sehemu ya mwisho ingoje mvua ya kwanza, ili ionekane kama paa linavuja. Mambo haya yaandikwe katika mkataba kabla hajapanda juu, maana fundi aliyekwisha kulipwa yote ni vigumu kumwona tena.

Huku mkingoja ruzuku, ambayo huenda ikachukua mwaka au zaidi, lindeni boma. Ng'oeni majani yaliyoota ndani. Chimbeni mfereji wa kupitisha maji mbali na msingi. Funikeni vichwa vya kuta kwa saruji kidogo, na kama saruji hakuna, kwa nyasi zilizofungwa vizuri au mabati mabovu. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa watu 20. Na siku hiyohiyo mtu mmoja aje na futi kamba na daftari, apime urefu na upana wa boma, aviandike, na ampelekee mtendaji wa kijiji kabla ya mkutano mkuu unaokuja.